Shilingi Zimepanda, Madumu Yameshuka: Namna ya Kuchora Takwimu za Biashara Zikaeleweka

Chati ya kwanza niliyowahi kuonyesha mbele za watu ilikuwa duara lenye vipande kumi na kimoja, limelazwa ubavu kama chapati inayogeuzwa, kila kipande na rangi yake. Nilikuwa nimemwandalia taarifa ya kuombea mkopo mama mmoja mwenye mashine ya kukamua alizeti kule Kizota, hapa Dodoma. Mbele yetu ilikaa kamati ya mikopo ya taasisi ambayo sitaitaja. Projekta ilikuwa dhaifu, pazia lilikuwa halifungi, na jua la Dodoma saa sita mchana mnalijua. Ukutani vipande vitano vilionekana rangi moja. Tukagawa nakala za karatasi. Nilikuwa nimezichapisha steshenari kwa wino mweusi ili kuokoa hela, kwa hiyo huko nako vipande vyote vilikuwa vya kijivu.

Mzee mmoja wa kamati akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kijana," akasema, "kwa hiyo mafuta yanalipa au hayalipi?"

Jibu lilikuwemo kwenye daftari. Kwenye chati yangu halikuwemo.

Ninayoandika hapa ndiyo njia ninayoifuata tangu siku ile, ninapowaandalia watu wa mashine, maduka, nyumba za wageni na vikundi vya wakulima. Namba za mauzo nitakazotumia nimezitunga ziwe za kufundishia tu, maana biashara ya mtu ni siri yake.

Hatua ya kwanza: swali kabla ya kompyuta

Chukua karatasi, andika swali moja kwa maneno ambayo mwenye biashara angeyatumia mwenyewe. "Uchambuzi wa mwenendo wa mauzo" hilo si swali, ni jalada la ripoti. "Mwaka huu tunauza mafuta mengi kuliko mwaka jana?" Hilo ni swali. "Mteja gani ameacha kuja?" Hilo nalo. Likikushinda kuliandika, usichore chochote. Rudi kwa mwenye biashara umwulize anataka kuamua nini: kuongeza mashine, kupandisha bei, kufunga tawi au kukopa?

Chini ya swali andika nani ataiona chati hiyo. Afisa mikopo anawaza marejesho ya kila mwezi, kwa hiyo mwezi wako mbaya kuliko yote una maana kwake kuliko wastani wa mwaka mzima. Mwenye biashara anataka kujua hela inavujia wapi. Mbia anayekaa Dar anataka kujua kama haibiwi. Hasemi, lakini ndicho anachotaka. Daftari ni lilelile, chati ni tatu. Ukitaka kuwaridhisha wote kwa chati moja utarudi kwenye chapati yangu.

Hatua ya pili: safisha daftari

Kazi yenyewe iko hapa. Nikipewa siku mbili, siku moja na nusu huishia kwenye kusafisha, na mteja huwa haelewi kwa nini namlipisha kwa "kukopi daftari".

Anza na vipimo. Gunia ni mfuko, uzito wake unategemea aliyelijaza. Kuna gunia lililoshonwa sawasawa na kuna lumbesa, na alizeti yenyewe ni nyepesi, kavu na mbichi hazilingani. Ukichora magunia yaliyonunuliwa kila wiki unachora ukubwa wa mifuko. Weka kilo za kwenye mizani. Kwa mafuta ni hivyo hivyo. Nilikuta siku moja imeandikwa "madumu 6", kumbe matatu ni ya lita 20 na matatu ya lita 5. Hizo ni lita 75, lakini aliyesoma haraka amehesabu 120. Chagua kipimo kimoja, lita au dumu la lita 20, na kila kitu kigeuzwe kiwe hicho kabla hujaenda mbele.

Kisha namba zenyewe. Sisi tumezoea kuandika 70,000/= na hakuna ubaya kwenye risiti ya mkono. Ukiingiza hivyo kwenye Excel, ile alama ya mwisho inaifanya kompyuta iione kama neno, na kwenye kujumlisha itairuka bila kukuambia. Jumla inatoka ndogo, nawe unadhani mwezi ulikuwa mbaya. Andika "TSh" mara moja tu, juu ya safu. Ndani ya visanduku ziwe tarakimu tupu.

Majina ya wateja nayo. "Mama Neema", "M/Neema" na "mama neema majengo" kwako ni mtu mmoja, kwa kompyuta ni wateja watatu wadogo. Kaa na mwuzaji mpitie orodha jina kwa jina. Hilo kompyuta haiwezi kukufanyia, anayewajua ni yule anayewauzia.

Kuna kosa moja ambalo ni letu hasa sisi Waswahili. Nilipewa daftari la kantini moja, swali likiwa: wateja wa chai wanajaa saa ngapi, ili tuongeze mhudumu? Nikaingiza, nikachora, nikaona kilele kirefu kinasimama usiku wa manane. Nikaangalia tena. Mhudumu alikuwa ameandika 2:00, yaani saa mbili asubuhi, na kompyuta ikasoma saa nane za usiku. Safu nzima ilitakiwa iongezwe saa sita. Sasa nikikuta daftari lenye muda, kitu cha kwanza ninachouliza ni hiki: hii ni saa ya Kiswahili au ya kwenye simu? Tena naomba jibu kwa kila zamu, kwa sababu kijana wa jioni huwa anaangalia simu na dada wa asubuhi anaangalia jua.

Pengo na sifuri usivichanganye. Siku umeme ulipokatika kutwa nzima na mashine haikuzunguka, uzalishaji ulikuwa sifuri, iandike. Siku daftari lilisahaulika nyumbani, kisanduku kiachwe wazi. Ukiweka sifuri pale, mstari wa chati utaporomoka hadi chini na kurudi juu, na mtu atauliza kulitokea nini siku hiyo. Kilichotokea ni daftari kubaki mezani.

Mwishowe panga: mstari mmoja kwa mauzo mamoja. Tarehe, mteja, bidhaa, kiasi, bei, jumla, kilicholipwa. Hiyo safu ya kilicholipwa usiiache, kwa sababu mauzo ya mkopo na fedha iliyoingia ni vitu viwili, na biashara nyingi za hapa mjini zinakufa katikati ya hivyo viwili. Usiunganishe visanduku ili jedwali lipendeze. Jedwali la kutunzia halina haja ya kupendeza.

Hatua ya tatu: unalinganisha na nini?

Namba ikiwa peke yake haisemi kitu. Madumu 470, sawa, ni mengi au machache? Lazima iwepo namba ya pili, na kuichagua hiyo ya pili ndiko kunakoamua kama chati itasema kweli.

Dodoma ina misimu miwili, wa mvua na wa Bunge. Mvua zetu ni za mara moja kwa mwaka, kuanzia Novemba mwishoni au Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo ndipo alizeti inavunwa na mashine zinapata kazi. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Bunge la bajeti nalo hukaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na wenye nyumba za wageni, mama lishe, madereva wa bajaji, wote mifuko inawajaa. Julai wageni wanaondoka. Mwenye nyumba ya wageni akichora Juni na Julai pamoja ataona biashara imekufa ghafla, naye atamfukuza mpishi bure. Julai ilinganishwe na Julai.

Tazama namba hizi za mfano za mashine ya kukamua, madumu ya lita 20:

| Mwezi | Mwaka jana | Mwaka huu |
|---|---|---|
| Aprili | 210 | 190 |
| Mei | 260 | 250 |
| Juni | 410 | 385 |
| Julai | 520 | 470 |
| Agosti | 480 | 455 |
| Septemba | 390 | 380 |
| Jumla | 2,270 | 2,130 |

Chora safu ya mwaka huu peke yake: mstari unapanda kutoka 190 hadi 470, mlima mzuri kabisa, kila mtu anapiga makofi. Chora mistari miwili pamoja: ule wa mwaka huu uko chini ya wa mwaka jana mwezi kwa mwezi, bila kukosa hata mmoja. Ule mlima ulikuwa ni mavuno tu.

Ngoja, kuna jingine. Tuseme dumu mwaka jana liliuzwa 70,000 na mwaka huu 80,000. Mauzo ya miezi hiyo sita kwa shilingi yalikuwa milioni 158.9, sasa ni milioni 170.4. Yamepanda kwa asilimia 7 na kidogo. Madumu yameshuka kwa asilimia 6 na kidogo. Biashara ni ileile, miezi ni ileile, na chati mbili zote ni za kweli, moja inacheka na nyingine inalia. Mwenye kuomba mkopo atavutiwa kuonyesha ya kwanza tu. Mimi hushauri zionyeshwe zote mbili, moja juu ya nyingine, kwa sababu afisa mikopo aliyekomaa ataiuliza ya pili hata usipoileta, na ni heri akute umeitangulia.

Kwa biashara ya miaka mingi kuna ulinganisho mwingine ambao watu wa hapa wanausahau, nao ni watu wenyewe. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,083,588 mkoani Dodoma, ya 2022 ikahesabu 3,085,625, ongezeko la asilimia 48. Mjini penyewe, palipokuwa manispaa na kuwa jiji mwaka 2018, tulitoka 410,956 hadi 765,179. Hiyo ni asilimia 86. Duka la Makole au Chang'ombe lililoongeza wateja kwa asilimia 40 katika miaka hiyo kumi lina kila sababu ya kufurahi, hadi uchore mstari wa idadi ya watu pembeni yake.

Asilimia nazo zitazame vizuri. "Mauzo ya Kondoa yamepanda kwa asilimia 300" ni habari kubwa mpaka uambiwe yalitoka madumu mawili yakawa manane. Msingi ukiwa mdogo, andika namba zenyewe, asilimia iache.

Hatua ya nne: umbo

Watu wengi huanzia hapa, wakifungua kompyuta na kuchagua chati inayong'aa. Ukiwa umefanya hatua tatu za mwanzo, umbo karibu linajichagua.

Kulinganisha vitu, mathalani wateja, matawi au bidhaa, tumia nguzo. Majina yakiwa marefu zilaze nguzo, zitoke kushoto kwenda kulia, majina yasomeke bila kupinda shingo. Zipange kutoka kubwa kwenda ndogo; mpangilio wa alfabeti hauna msaada kwa mtu anayetafuta anayeongoza.

Kitu kinachobadilika kwa muda, kama bei ya mahindi ya Kibaigwa wiki hadi wiki au mauzo ya mwezi hadi mwezi, tumia mstari. Mistari isizidi minne. Ya tano ikija, inakuwa tambi.

Kutafuta kama vitu viwili vinakwenda pamoja, tumia nukta. Hii watu wanaiogopa bila sababu. Kila nukta ni zamu moja ya mashine: kilo za alizeti zilizoingia zinasomwa chini, lita zilizotoka zinasomwa pembeni. Nukta zitajipanga kama njia inayopanda. Ile iliyoanguka mbali chini ya njia ni zamu ambayo mbegu ziliingia nyingi na mafuta yakatoka machache. Ama alizeti ilikuwa mbichi, ama mashine inahitaji fundi, ama kuna dumu limetoka kwa mlango wa nyuma. Chati haikuambii ni lipi kati ya hayo, ila inakuambia zamu ya tarehe ngapi, na ukijua tarehe unajua nani alikuwa kazini.

Duara lina kazi moja, kuonyesha sehemu za kitu kizima, vipande viwili au vitatu basi. Mafuta na mashudu, sawa. Zaidi ya hapo jicho linashindwa. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, William Cleveland na Robert McGill, walipima watu wanavyosoma chati, wakakuta makosa yetu ni madogo kuliko yote tunapolinganisha vitu vilivyosimama kwenye kipimo kimoja, halafu urefu, na pembe zinafuata nyuma. Kipande cha duara kinasomwa kwa pembe. Aliyetuletea chati hizi za nguzo na mistari ya uchumi ni Mskoti William Playfair, mwaka 1786, nami ninamshukuru. Duara nalo ni lake, la 1801, kwa hiyo lawama za kamati ile ya mikopo nampelekea yeye. Kulilaza duara ubavu na kulipa unene ni kosa letu sisi wa kompyuta: kipande cha mbele kinaonekana kikubwa kuliko cha nyuma hata vikiwa sawa.

Namba zikiwa mbili au tatu tu, usichore kabisa. Ziandike kwa herufi kubwa.

Jambo moja nimelikataa kwa wateja wangu wote ni chati yenye vipimo viwili, shilingi kushoto na madumu kulia. Anayechora ndiye anayeamua vipimo hivyo vianzie wapi, kwa hiyo mistari inaweza kukutana popote anapotaka, na msomaji atadhani pale ilipokutana pana jambo. Chora mbili, uziweke juu na chini, miezi ikiwa imenyooka.

Nguzo zianze sifuri

Hili ni fupi. Mauzo ya tawi moja ni milioni 48, la pili milioni 50. Kipimo kikianza sifuri, nguzo zinakaribia kulingana, kama ilivyo kweli. Tofauti ni asilimia 4 tu. Programu ikiamua kuanzia 46, nguzo moja itakuwa na urefu wa 2 na nyingine wa 4, na tawi la pili litaonekana limeuza mara mbili. Programu hufanya hivi yenyewe bila nia mbaya, kwa hiyo angalia kila mara. Mstari unaruhusiwa kuanzia juu zaidi, kwa kuwa hapo tunasoma mteremko, ila andika wazi ulipoanzia.

Maneno, kisha rangi

Kichwa cha chati kiwe sentensi yenye jibu. "Mauzo ya Aprili hadi Septemba" hakimwambii mtu kitu asichokiona. "Madumu yameshuka kila mwezi kuliko mwaka jana, hasa Julai" kinamwambia aangalie wapi. Mwenye haraka atasoma kichwa tu, na hicho kitamtosha. Kama huwezi kukiandika, hatua ya kwanza hukuifanya.

Andika kipimo: "madumu ya lita 20", "shilingi milioni". Sifuri sita zinazojirudia pembeni mwa chati zinachosha macho. Jina la mstari liandike mwishoni mwa mstari wenyewe, ufute kile kisanduku cha maelezo ya rangi kinachomlazimisha mtu kupanda na kushuka. Futa mistari ya gridi, vivuli, fremu. Futa, tazama, ukiona hakuna kilichopungua, umefanya vyema.

Rangi moja inatosha. Kila kitu kiwe kijivu, na kile unachotaka kionekane kiwe na rangi iliyokolea. Nyekundu na kijani usizitegemee zitofautishane, kuna wanaume ambao machoni mwao zinafanana na wenyewe huwa hawasemi. Na kwa kuwa tuko Dodoma, mji wa vikao, kijani na njano zikikaa pamoja kwenye ripoti yako kuna atakayekuuliza wewe ni wa upande gani. Mimi natumia bluu. Kabla ya kupeleka popote, chapisha nakala moja nyeusi kwa shilingi mia au mia mbili. Ikisomeka hapo, itasomeka kokote.

Kama itatumwa kwa WhatsApp, na siku hizi karibu zote zinatumwa huko, itume kama picha, faili la Excel liache. Ifungue kwanza kwenye simu yako mwenyewe, simu ikiwa umbali wa mkono. Usiposoma herufi, ziongeze. Kichwa, tarehe na mahali namba zilipotoka viwe ndani ya picha, kwa sababu ujumbe unaoandika chini yake hupotea picha ikipelekwa mbele, na kesho kutwa utaikuta kwenye kundi la familia ya mtu haina mwenyewe.

Mjaribu mtu wa mizani

Usimwonyeshe mhasibu mwenzako, yeye ataelewa hata ukikosea. Mwite kijana wa mizani au dada wa stoo, mwonyeshe chati kwa muda wa kuhesabu moja hadi tano, ifunike, umwulize imesema nini. Usimsaidie. Akisema "kuna rangi nzuri," rudi mezani. Akisema "tumeuza kidogo Julai," imeiva.

Pasipo na kompyuta

Kikundi cha wakulima wa zabibu Hombolo kilinifundisha hatua ambayo sikuwa nayo. Nilifika na kompyuta iliyochajiwa vizuri, nikasalimia mbukwenyi, nikafungua, na jua likaifanya skrini kioo cha kujitazamia. Mama mmoja akaenda kuleta kopo la visoda. Tukachora mstari ardhini kwa fimbo, kisoda kimoja kikawa kreti moja. Kila mkulima akapanga vyake kwenye mstari wake, upande huu msimu wa kwanza, upande huu wa pili. Visoda vikitoshana ukubwa na vikipangwa kuanzia mstari mmoja, hiyo ni chati ya nguzo isiyo na kasoro, na sifuri yake iko pale pale ardhini. Wakabishana juu ya safu za visoda kwa saa nzima, jambo ambalo chati zangu hazijawahi kupata. Baadaye nikaihamishia kwenye karatasi ya manila kwa kalamu nene, ikabandikwa ukutani. Kama unataka mistari iliyonyooka, daftari la hesabu la mwanafunzi lina miraba ya kutosha.

Chati ikizaa swali

Turudi Kizota. Ile chati ya mistari miwili nilimpelekea yule mama ikiwa imechapishwa kwenye karatasi moja, nyeusi na kijivu. Alikuwa amekaa juu ya dumu tupu, mashine inaunguruma nyuma yake. Aliitazama kidogo tu, akaweka kidole kwenye Julai.

"Mwanangu, haya madumu hamsini yameenda wapi?"

Hilo lilikuwa swali jipya, nalo lilitaka chati yake. Nikarudi kwenye lile jedwali lililosafishwa, nikachuja Julai zote mbili kwa jina la mteja, nikatoa ya mwaka jana kwenye ya mwaka huu, nikapanga kutoka aliyepungua zaidi. Nguzo zililazwa, karibu zote fupi fupi, huyu kapunguza mawili, yule kaongeza moja. Moja tu ilitoka nje ya kundi, duka la soko la Majengo, kutoka madumu 60 hadi 18. Arobaini na mawili kati ya yale hamsini yalikuwa pale. Nilipaka rangi nguzo hiyo moja.

Mama aliiona kabla sijamaliza kuitoa kwenye bahasha. Akachukua peni ya dada wa stoo, akaizungushia.

"Huyu nilimpandishia bei siku nina hasira zangu," akasema, huku anatafuta namba kwenye simu. Akanionyesha kwa mkono nizime mashine. "Haloo? Shikamoo baba. Za siku nyingi? Hapana, nimekukumbuka tu."